Simu ya Reli: Kutoka Baraza la Waya hadi Mitambo ya Kidijiti

Neno "simu" tumelipata kwa Waajemi, ambao kwao sim ni waya, na pia ni fedha ile ya masonara. Watu wa pwani hawakukiita chombo hiki kipya kwa kazi yake, bali kwa kile kilichoonekana kwa macho: uzi wa chuma uliotandazwa juu ya nguzo. Simu ya maandishi ikawa simu, na simu ya mdomo ilipofika nayo ikawa simu. Leo waya umetoweka mikononi mwa watu wengi, na jina limebaki.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi mashirika ya reli yalivyoiacha mitambo yao ya zamani ya kuunganishia simu na kuingia katika mitambo ya kidijiti, na jambo gani lilikaribia kupotea katika kuhama huko. Tumechagua reli kwa makusudi. Ofisini maneno yakikosewa, barua huandikwa upya. Kwenye reli maneno yakikosewa, watu hufa.

Yafaa kwanza tujiulize kwa nini reli iwe na simu yake yenyewe. Garimoshi haliwezi kupishana na jingine kama magari ya barabarani yanavyopishana, wala haliwezi kusimama ghafula. Hapo mwanzo huko Uingereza treni zilitenganishwa kwa saa tu: moja ikiondoka, dakika kadhaa zikipita, ya pili iliruhusiwa kufuata, na hapana aliyejua kama ile ya kwanza imefika au imekwama njiani. Tarehe 25 Julai 1837, Cooke na Wheatstone walijaribu simu yao ya maandishi kati ya Euston na Camden Town, London, kando ya reli. Zaidi ya miaka saba baadaye, siku ya kwanza ya Januari 1845, mtu mmoja aitwaye John Tawell aliua mwanamke karibu na Slough akapanda treni kukimbilia London. Habari zake zilimtangulia kwenye waya. Chombo kile hakikuwa na herufi Q, kwa hiyo mavazi yake ya dhehebu la Quaker yakaandikwa "KWAKER", na bado akatambuliwa alipoteremka stesheni ya Paddington. Tangu siku hiyo watu wote walifahamu kwamba neno huweza kwenda mbio kuliko treni.

Hata hivyo kufahamu si kutenda. Mwezi Juni 1889, karibu na Armagh huko Ireland, treni iliyojaa watoto wa shule ya Jumapili ilishindwa kupanda mlima. Mabehewa ya nyuma yakafunguliwa, yakarudi kinyumenyume, yakagonga treni iliyokuwa ikifuata. Walikufa watu wapatao 80. Mwaka huo huo sheria ikapitishwa kulazimisha kwamba treni isiingie katika kipande cha njia mpaka ile iliyotangulia itoke, na jambo hilo lisingewezekana pasipo stesheni kuongea na stesheni. Simu ya reli, basi, si pambo la ofisi. Ni sehemu ya breki.

Utaratibu huo ndio ulioletwa Afrika ya Mashariki. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, ile ya Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwishoni mwa 1901, na Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914. Waya uliandamana na reli. Wanandi, waliopigana na wakoloni tangu 1895 hadi alipouawa kiongozi wao Koitalel arap Samoei mwaka 1905, waliuchukua waya huo wakautengeneza mapambo, na vyuma vya reli wakavifanya silaha. Maandishi ya wakoloni yanauita wizi. Sisi tunaona kwamba mtu anayeukata waya wa adui wakati wa vita ameuelewa vizuri zaidi kuliko anayeutazama kwa mshangao tu: ametambua kwamba nguvu ya yule mgeni haikai katika bunduki peke yake, bali hata katika uwezo wa mtu wa Mombasa kujua jioni yaliyotokea asubuhi bara.

Tuje sasa kwenye simu ya mdomo. Huko Marekani, mwaka 1907, sheria iliwazuia wapiga simu ya maandishi wa reli kufanya kazi zaidi ya saa tisa kwa siku. Makampuni yalijikuta yanahitaji watu wengi zaidi wenye ujuzi ule mgumu wa vidokezo na mistari, yakaona ni afadhali kuweka simu ya kusema, ambayo kila mtu mwenye masikio na kinywa huweza kuitumia. Mwaka huo huo kampuni ya Midland ya Uingereza ilianza, huko Masborough, kuziongoza treni zake kwa mtu mmoja aliyeketi ofisini akiulizia habari za njia kwa simu.

Namna simu hiyo ilivyofungwa ndiyo kiini cha makala haya. Haikuwa waya mmoja kwa kila stesheni. Ilikuwa jozi moja ya waya iliyopita stesheni zote, na kila stesheni ikaning'iniza chombo chake juu ya jozi hiyo. Kila moja ilikuwa na mlio wake: mrefu na mfupi, au miwili mifupi na mrefu, na kadhalika. Aliyeitwa aliitika, lakini wengine wote, wakitaka, waliweza kuinua mkono wa simu na kusikiliza. Kwa macho ya mtu wa mjini huo ni upelelezi. Kwa mtu wa reli ilikuwa ni sehemu ya kazi yake. Mkuu wa stesheni ya tatu alisikia kwamba treni ya mizigo imechelewa stesheni ya kwanza, naye akajipanga kabla hajaambiwa. Habari ya ng'ombe waliolala njiani, ya daraja lililozidiwa na maji, ya dereva aliyeugua, iliwafikia wote kwa mara moja. Ilikuwa ni baraza. Na kama ilivyo katika baraza lolote la wazee, palikuwa na adabu yake: asemaye hutaja kwanza jina la mahali pake, asikiaye huyarudia maneno yote kama alivyoambiwa, na msemaji hukiri kwamba ndivyo. Watu wengi waliofanya kazi katika waya huo waliweza kumtambua mwenzao wa mbali kwa sauti tu, hata kujua kwamba leo hayuko sawasawa.

Kando ya baraza hilo palikuwa na simu za ofisi: za wahasibu, za karakana, za wakubwa. Hizo ziliunganishwa na opereta kwenye swichibodi, na baadaye na mtambo uliobuniwa na Almon Strowger wa Kansas City. Strowger alikuwa mtayarishaji wa mazishi. Husimuliwa kwamba aliona biashara yake inaharibika kwa kuwa opereta wa simu wa mjini alikuwa na uhusiano na mshindani wake, akawa anawapeleka wafiwa kwa huyo mwingine. Ndipo akaapa kumwondoa opereta. Hati yake ya uvumbuzi ilitolewa mwezi Machi 1891, na kituo cha kwanza cha aina hiyo kikafunguliwa La Porte, Indiana, mwaka 1892. Mtu akizungusha namba 4 kwenye simu yake, umeme hukatika mara nne, na kila ukikatika mkono wa chuma hupanda ngazi moja. Akizungusha 7, mkono huo hugeuka hatua saba kuingia ndani. Ngazi kumi kwa hatua kumi ni nafasi mia moja. Mikono kama hiyo ikipangwa mmoja nyuma ya mwingine, mtu huufikia mji mzima.

Mtambo wa namna hii una uzuri ambao hatuwezi kuupita kimya. Unaonekana na unasikika. Fundi aliyeingia katika chumba chake asubuhi aliisikia kazi ya reli kwa masikio: mvumo mkubwa saa treni za abiria zinapopangwa, mdundo wa hapa na pale wakati wa adhuhuri. Mkono mmoja ukikwama, alijua ni upande gani kwa sababu mlio ulikatika. Aliufuata, akausafisha, akautia mafuta tone moja, akaukaza kwa bisibisi. Lakini fundi huyo alihitajika kila siku, kwa maana vumbi na joto ni adui wa chuma kinachogusana, na vyombo hivyo vilijaza vyumba vizima.

Tena ulikuwa na usumbufu mmoja uliowachosha watumishi. Katika mtandao wa reli uliojengwa kwa mitambo hii, namba aghalabu haikuwa jina la mtu, ilikuwa maelezo ya njia. Tuchukue mfano wa kubuni. Mtumishi wa Dodoma akitaka kuongea na mwenzake wa Kigoma, angezungusha 8 kuufikia mtambo wa Tabora, akasikiliza, akazungusha 7 kuufikia wa Kigoma, kisha 42 za ofisi yenyewe. Mtumishi wa Mwanza akimtaka mtu yule yule angezungusha namba nyingine kabisa mwanzoni, kwa kuwa anatokea upande mwingine. Ni sawa na kumwelekeza mgeni: jibu hutegemea umesimama wapi. Shirika la British Rail, lililorithi mwaka 1948 simu za makampuni manne makubwa, lilipata taabu ya kuyapatanisha mambo kama haya, na mtandao wake ulikuwa mmojawapo wa mitandao mikubwa ya binafsi katika Uingereza.

Uvumbuzi ulioyabadili yote ulitangulia mashine za kuutekeleza. Mwingereza Alec Reeves, akifanya kazi katika maabara moja ya Paris, aliandikisha mwaka 1938 wazo la kuigeuza sauti kuwa tarakimu. Msomaji anayezijua bahari za ushairi hatapata shida kulifahamu. Mshairi haipimi sauti inavyopanda na kushuka. Huikata mizani kwa mizani, akahesabu. Mtambo wa kidijiti nao huikata sauti mara 8,000 katika sekunde moja, na kila kipande hukipima kimo chake kwa kipimo chenye ngazi 256, kisha hukiandika kwa alama nane za sufuri na moja. Ni alama 64,000 kwa sekunde kwa kila sauti moja. Zikifika mwisho wa safari hugeuzwa tena kuwa sauti. Faida yake ni kwamba sauti ya kawaida ikisafiri mbali hukusanya kelele njiani, na kikuza sauti huzikuza kelele hizo pamoja nayo; lakini sufuri iliyochakaa bado ni sufuri, huandikwa upya safi kila kituo. Tena vipande vya sauti thelathini huweza kupishana katika jozi moja ya waya, kila kimoja kikingoja zamu yake. Wazo hilo lilikaa likingoja transista, iliyopatikana mwishoni mwa 1947, na matumizi yake ya biashara yakaanza Marekani katika miaka ya 1960.

Reli zilivutiwa mapema, kwa sababu zilikuwa na kitu ambacho makampuni ya simu yaliwaonea wivu: njia ndefu iliyonyooka, inayolindwa, inayounganisha mji na mji. Katika Marekani mtandao wa ndani wa reli ya Southern Pacific ulizaa biashara ya simu iliyojulikana baadaye kwa jina la Sprint. Katika Uingereza kampuni ya Mercury ilitandaza nyaya zake za nyuzi za kioo kando ya reli katika miaka ya 1980, na British Rail yenyewe ilikuwa ikibadili mitambo yake ya zamani kwa ile ya kidijiti. Mwaka 1992 idara yake ya simu ilifanywa kampuni, na mwaka 1995 ikauzwa. Mwezi Juni wa mwaka huo huo mtambo wa mwisho wa Strowger katika simu za umma za Uingereza ulizimwa, katika kijiji cha Crawford, Scotland.

Kuhama kwenyewe ni kazi ya usiku. Kwa wiki nyingi mtambo mpya husimama kando ya ule wa zamani, waya wa kila mtumishi umefungwa kwa yote miwili, na upande mpya umezuiwa kwa vibanzi vidogo vilivyochomekwa kati ya vyuma. Orodha za namba husomwa na kusomwa tena. Kisha, aghalabu usiku wa mwisho wa juma, wa zamani hukatwa, vibanzi hung'olewa, na mafundi hujigawa kuijaribu namba moja baada ya nyingine. Kukipambazuka, chumba kilichokuwa kikivuma kwa miaka kimenyamaza, na kazi yake inafanywa na makabati machache.

Hapo ndipo ujuzi wa fundi wa zamani ulipoondokewa na ardhi chini yake. Kosa katika mtambo mpya halina mlio. Limo katika programu, na programu huandikwa mbali, na watu ambao pengine hawajapata kuiona stesheni hiyo. Mashirika yaliyowarudisha mafundi wao darasani kabla ya usiku ule yalibaki na mali yao. Yale yaliyonunua makabati bila kununua elimu yakawa wapangaji katika nyumba yao wenyewe. Hatuoni sababu ya kulisema hili kwa upole.

Lakini hasara iliyojificha zaidi ilikuwa ya baraza. Mitambo ya kidijiti iliyouzwa kwa reli ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya ofisi na miji, na msingi wa simu ya mjini ni watu wawili na siri yao. Penye hitilafu ya njia, siri ndiyo isiyotakiwa.

Asubuhi ya tarehe 12 Desemba 1988, karibu na Clapham Junction, London, dereva mmoja aliona taa ya ishara mbele yake ikigeuka ghafula kuwa nyekundu wakati hawezi tena kusimama kabla yake. Akafuata kanuni: alisimama kwenye ishara iliyofuata, akashuka, akapiga simu ya kando ya njia kutoa taarifa. Akajibiwa kwamba hapana kasoro. Mara treni ya pili, ambayo taa zilikuwa zimeipa ruhusa isiyostahili, ikaigonga yake kwa nyuma. Walikufa watu 35. Uchunguzi ulioongozwa na Anthony Hidden ulionyesha kwamba chanzo kilikuwa kazi ya kubadili mitambo ya ishara: waya mmoja wa zamani haukukatwa wala kufungwa sawasawa, ukagusa tena mahali pake pa awali. Mafundi wanaohama kutoka mtambo hadi mtambo hawana somo kubwa kuliko hilo. Ila sisi tunaitazama pia simu ile ya dereva. Ilifanya kazi. Maneno yalifika. Lakini yalipita kati ya watu wawili tu, na yule aliyekuwa akija nyuma hakuwa na njia ya kuyasikia. Miongoni mwa mapendekezo ya uchunguzi huo lilikuwamo la kuwawekea madereva redio za kuongea na waongozaji.

Wahandisi wa reli za Ulaya walipokutana katika miaka ya 1990 kutafuta redio moja ya kidijiti kwa reli zote, walichukua simu ya mkononi ya kawaida iliyoitwa GSM, wakaanza kuiongezea yale ambayo raia wa kawaida hayahitaji. Waliiita GSM-R. Ukiyatazama waliyoyaongeza, utayatambua. Waliongeza wito wa kundi, ambapo mmoja husema na wote walio katika eneo husikia. Waliongeza daraja za heshima, ili wito wa hatari uyakate mazungumzo mengine. Waliongeza namna ya kumwita mtu kwa kazi yake badala ya jina lake: anayeongoza treni hupiga namba ya treni, na simu humfikia dereva yeyote aliyeketi humo leo, dereva naye hubonyeza kitufe kimoja cha "mwongozaji", na mtambo, ukijua treni iko wapi, humpeleka kwa mwongozaji wa kipande hicho. Sisi Waswahili hatushangai. Tangu zamani tumemwita mtu Mwalimu, Shehe, Nahodha, Bwana Stesheni, na kila aliyesikia alijua ni nani kwa kujua tu yuko wapi.

Kwa maneno mengine, baraza lililovunjwa na mtambo wa watu wawili lilijengwa upya ndani ya mtambo, safari hii kwa hesabu na kwa gharama kubwa. Lilijengwa upya na watu waliojua kwamba lilikuwapo. Kama wale waliouchora mtandao wasingewauliza waliokaa kwenye waya wa zamani, wasingejua kwamba kusikiliza kwa wote kulikuwa kazi. Wangedhani ni udhaifu wa waya.

Kwetu, shirika la reli la pamoja la Afrika ya Mashariki lilivunjika mwaka 1977 na kila nchi ikabaki na kipande chake cha njia na cha waya. Reli mpya ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyozinduliwa rasmi tarehe 1 Agosti 2024, huongozwa kwa mawasiliano ya redio kati ya treni na kituo. Na tayari GSM-R nayo imezeeka. Reli za dunia zinaandaa mrithi wake, unaofuata teknolojia ya kizazi cha tano cha simu za mkononi, na katika Ulaya kuhama huko kunatazamiwa kuchukua miaka ya 2030. Katika orodha ya mambo ambayo mtambo mpya lazima uyapokee kutoka kwa ule wa zamani umo wito wa hatari wa reli: dereva hubonyeza kitufe kimoja, mazungumzo mengine hukatwa, na kila dereva na kila mwongozaji aliye katika eneo lile husikia sauti ile ile kwa wakati ule ule.